Maji ya Mzima Twayanywa, Ndovu Hatujamwona

Ikiingia kaskazi, kuanzia Disemba hata Machi, Ndia Kuu hujaa wageni. Wameikimbia baridi ya Ulaya wakaja kuota jua letu. Huipiga picha milango ya nakshi, huingia katika Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hununua kikoi, kisha hupanda magari kwenda Tsavo kumtazama ndovu. Sisi tumeketi barazani tunawaaga.

Jioni moja huko Kibokoni mtoto alimwuliza babu yake, "Babu, wewe ushamwona ndovu?" Mzee alicheka. Alisema babake alibeba pembe nyingi hapo Bandari ya Kale, lakini mwenye pembe hakupata kumwona, wala yeye mwenyewe.

Hapana ajabu. Pembe ziliteremka kutoka bara kwa misafara, zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Hata hilo neno safari Wazungu wamelitwaa kwetu, nasi tumelipata kwa Waarabu. Wao wakalitia hema na bunduki. Bunduki zilikoma mwaka 1977, Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Siku hizi wawindaji ni wa kamera.

Lakini msomaji, fungua mfereji hapo kwako. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Mvua hunyesha milima ya Chyulu, maji yakapenya majivu na mawe ya volkano, yakatokeza Mzima yakiwa meupe kama kioo. Viboko na mamba huogelea humo, na sehemu ya maji hayo husafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 hadi pwani. Basi mtu wa kisiwani anayesema mbuga hazimhusu, na atie udhu kwa maji mengine!

Anayetaka kuonja kwanza na aende Shimba Hills, karibu na Kwale, akamwone palahala, ambaye nchini Kenya hapatikani penginepo. Kwa fikihi ya Kishafii huko si mbali kiasi cha kupunguza sala. Voi ndiko hasa, yapata kilomita 160. Mwendaji ni msafiri kamili, Adhuhuri yake rakaa mbili.

Wakati mzuri ni kipupwe, kusi inapovuma na bahari imechafuka. Huko nyika imekauka, majani yamepukutika, na wanyama hukusanyika majini, hasa kandokando ya Galana, mto ule ule tuuitao Sabaki karibu na Malindi. Ndovu wa huko ni wekundu kwa kujimwagia udongo. Na raia halipi kiingilio cha mgeni. Hulipa kidogo zaidi.

Mzee wa Kibokoni nilipomweleza haya alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama gari la alfajiri humngojea mtu amalize kuswali.