Karani wa Daktari: Kuandika Ili Kujifunza Utabibu

Katika baadhi ya hospitali za Marekani, daktari aingiapo chumbani mwa mgonjwa hufuatana na kijana ambaye hapimi mgonjwa wala hatoi dawa. Kijana huyo hukaa pembeni na kompyuta yake, akasikiliza mazungumzo na kuyaandika katika jalada la mgonjwa. Huyo ndiye karani wa daktari. Aghalabu ni mtu anayejiandaa kuingia katika chuo cha udaktari au cha taaluma nyingine ya afya. Nchini humo masomo ya udaktari, kwa kawaida, huanza baada ya shahada ya kwanza na huchukua miaka 4. Vyuo navyo hupendelea waombaji waliokwisha kuiona kazi ya hospitali kwa macho yao.

Yafaa kuuliza: je, mtu anayeandika tu anaweza kujifunza utabibu?

Chanzo cha kazi hii

Makarani wa aina hii walikuwapo tangu zamani kidogo, hasa katika idara za wagonjwa wa dharura. Idadi yao iliongezeka baada ya mwaka 2009, ilipopitishwa sheria iliyotenga fedha za kuwahimiza madaktari na hospitali za Marekani kuweka kumbukumbu katika kompyuta. Mabadiliko hayo yalileta manufaa, lakini yaliongeza pia kazi ya kuandika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliowachunguza madaktari 57, ulionyesha kwamba kwa kila saa 1 waliyokuwa uso kwa uso na wagonjwa, karibu saa 2 nyingine zilikwenda katika kompyuta na kazi za mezani. Karani aliajiriwa ili macho ya daktari yarudi kwa mgonjwa.

Sehemu nne za kumbukumbu

Kumbukumbu ya tiba haiandikwi ovyo. Katika miaka ya 1960 daktari Mmarekani Lawrence Weed alisisitiza kwamba jalada la mgonjwa lionyeshe fikra za tabibu kwa utaratibu. Kutokana na mafundisho yake ulienea mpango wa sehemu nne: kwanza, maelezo ya mgonjwa mwenyewe, pili, mambo yaliyoonekana na kupimwa, tatu, maoni ya daktari juu ya ugonjwa, nne, hatua zitakazochukuliwa. Mwanafunzi wa sayansi atatambua kwamba mpango huu unafanana na ule wa daftari la maabara: yaliyoonekana hutengwa na yaliyofikiriwa.

Mfano wa maumivu ya kifua

Tuchukue mfano wa mtu anayefika hospitali akilalamika maumivu ya kifua. Daktari atamwuliza: Yalianza lini? Yanazidi utembeapo? Yanaenea mkononi au tayani? Unatokwa na jasho, au unahema kwa shida? Karani huandika majibu yote, pamoja na yale ya "hapana". Karani mgeni huona kwamba "hapana" haina maana, akaiacha. Hilo ni kosa. Asomaye jalada baadaye hawezi kujua kama dalili haikuwapo, au kama haikuulizwa kabisa.

Swali la "lini" lina uzito wa pekee. Msuli wa moyo unapodhurika, protini iitwayo troponini huvuja kutoka katika chembe zake na kuingia katika damu. Uvujaji huo huchukua muda kabla ya kuonekana katika vipimo. Basi kipimo kilichofanywa mara tu baada ya maumivu kuanza kinaweza kuonyesha kiasi cha kawaida ingawa moyo umekwisha kudhurika, na ndiyo sababu mara nyingi hurudiwa baada ya saa chache. Ikiwa maumivu yalianza saa 2 asubuhi ya leo, nayo yakaandikwa kuwa yalianza jana, daktari wa zamu inayofuata aweza kudhani kwamba kipimo kile kimoja kinatosha, akamruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Neno moja la wakati laweza kugharimu maisha.

Hapo ndipo karani anapojifunza. Akiandika mifano mingi ya namna hii, huanza kutambua kwa nini swali fulani hutangulia jingine, na ni jibu gani linalomfanya daktari aharakishe.

Mipaka ya kazi

Karani si tabibu. Hatoi maoni yake juu ya ugonjwa, wala haongezi dalili ambayo haikutajwa, hata kama anaamini kwamba ipo. Daktari hana budi kusoma yaliyoandikwa, kuyasahihisha na kuyatia sahihi, na dhamana hubaki kwake. Karani hufungwa pia na masharti ya kutunza siri za mgonjwa.

Katika miaka ya karibuni zimeenea programu za kompyuta zinazosikiliza mazungumzo na kutunga kumbukumbu. Nazo huweza kukosea, kwa hiyo kazi ya kuhakiki ingalipo. Pale zinapochukua nafasi ya karani, huondoka pia nafasi ya kijana kujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila hospitali. Mwanafunzi mmoja afanye jaribio, kwa mfano la kupima muda wa bembea ya timazi, na wa pili aandike bila kuuliza. Kisha wa tatu, ambaye hakuwapo, aeleze kwa kusoma daftari tu: nini kilifanywa, saa ngapi, nini kilionekana, na nini kilitafutwa kikakosekana. Kila swali atakaloshindwa kulijibu litaonyesha pengo katika maandishi. Mwanafunzi atakayejizoeza kuziba mapengo hayo atakuwa amejiandaa kwa utabibu na kwa sayansi yoyote ile.