Mahujaji Katika Mapango ya Maresha

Aghalabu safari ya mahujaji katika Nchi Takatifu ni safari ya macho na masikio: gari husimama, kiongozi husoma aya, watu hutazama, huomba, hupiga picha, kisha hupanda tena kwenda mahali pengine. Kuona mahali palipotajwa katika Maandiko ni neema ambayo wazee wetu wengi waliitamani wakafa bila ya kuipata, wala sithubutu kuidharau. Lakini katika ratiba za baadhi ya vikundi hutengwa siku ya namna nyingine kabisa, ambayo msafiri hutakiwa avae nguo asizozionea uchungu, apige magoti vumbini, na kuigusa kwa vidole vyake ardhi aliyokuwa akiisoma tu vitabuni. Kwangu mimi siku hiyo ina manufaa kupita zote, na mahali pake hasa ni Maresha.

Maresha ni mji uliokufa, kusini-magharibi ya Yerusalemu, katika vilima vya Yuda, ndani ya hifadhi ya Beit Guvrin ambayo mapango yake yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2014. Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana na jina hilo: limo katika Yoshua miongoni mwa miji ya kabila la Yuda, Mfalme Rehoboamu aliujengea ngome, na katika bonde lililo karibu nao Mfalme Asa alikabiliana na majeshi ya Zera Mkushi, habari ambayo sisi Waafrika ingetupasa kuisoma kwa utulivu zaidi kuliko tunavyoisoma.

Lakini hazina ya Maresha imo chini. Ardhi yake ina tabaka jembamba la mwamba mgumu, na chini ya tabaka hilo mna jiwe jeupe la chaki, laini kiasi cha kuchongeka kwa urahisi; basi watu wa kale walitoboa tundu katika ule mwamba, wakateremka wakachimba mawe ya kujengea nyumba zao, na nafasi zilizobaki wakazifanya mabirika ya maji ya mvua, mahali pa kukamulia mafuta ya zeituni, na mabanda ya njiwa ambayo kuta zake zimejaa vijumba mfano wa zidaka za nyumba za mawe za Lamu, pango moja likiwa na takriban 2,000. Nyumba za juu zilipobomoka na kubomolewa, vifusi na takataka vilitupwa mle mapangoni, na vifusi hivyo ndivyo wanavyochimba mahujaji leo, chini ya uangalizi wa wataalamu.

Kazi yenyewe haina haraka. Udongo huparuzwa kidogo kidogo kwa kijembe, na chombo kikigonga kitu kigumu husimamishwa, kidole kikatangulia kupapasa. Ndoo hupandishwa kwa kupokezana mikono, udongo ukamwagwa juu ya chekeche na kuchekechwa juani mpaka vumbi jeupe linashika nyusi. Na kinachobaki ni mifupa ya mbuzi, mikono ya mitungi, na vigae vya vyungu ambavyo vingine vingali na masizi ya moto. Kigae chenye masizi hunitia fikira kuliko dhahabu, maana mtu fulani alipika chakula humo, na waliokila walikuwa na njaa kama sisi.

Na watu hao walikuwa nani? Wengi wao, katika karne ya tatu na ya pili kabla ya Kristo, walikuwa Waedomu, wana wa Esau, wakikaa pamoja na Wasidoni na Wayunani, mpaka Yohana Hirkano alipouteka mji mwishoni mwa karne hiyo ya pili. Hujaji aliyekuja kutafuta athari za Yakobo hujikuta ameshika chungu cha ndugu yake, yule ambaye manabii waliwanenea wazao wake maneno makali. Wapo wanaovunjika moyo, kwa kuwa walitaraji udongo uwathibitishie aya. Mimi naona hapo ndipo imani yao inapopanuka, kwani adui wa kitabuni amewatokea akiwa jirani mwenye jiko.

Hata hivyo udongo huo umepata kujibu Maandiko waziwazi. Miaka ya 2005 na 2006 wageni wa siku moja, wenye ndoo na chekeche, walichimbua vipande vya jiwe lenye maandishi ya Kiyunani, na wataalamu wakagundua kwamba ni sehemu ya chini ya jiwe ambalo sehemu yake ya juu ilikuwa katika jumba la makumbusho la Yerusalemu: barua ya Mfalme Seleuko wa Nne, ya mwaka 178 kabla ya Kristo, kwa waziri wake Heliodoro, yule yule ambaye Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinasimulia jinsi alivyotumwa kuitwaa hazina ya Hekalu.

Kwa hiyo kiongozi anayekipeleka kikundi chake Maresha, baada ya kuwahimiza watu wavae viatu vya kufunika vidole na kuwapa udhuru wazee wasioweza kutambaa katika njia nyembamba za mapango, na awasomee usiku wa kuamkia siku hiyo sura ya tatu ya kitabu hicho, kisha Obadia yote, wapate kujua nyumba wanayoiingia ni ya nani.