Sokwe mvuvi wa John Kilaka

Katika kitabu kilichomtambulisha John Kilaka, mchoraji wa vitabu vya watoto, mvuvi ni Sokwe. Amepata samaki wengi, anataka kuwapeleka sokoni, na Mbwa anawamezea mate. Mtoto wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hahitaji kuelezwa hadithi hiyo. Mwaloni kwao dagaa na migebuka hushushwa, wachuuzi wakavutana bei, na mbwa hawakosekani. Hata sokwe wapo mwambao huohuo wa Tanganyika, kaskazini katika milima ya Mahale.

Kilaka alizaliwa mwaka 1966 Sumbawanga, Rukwa, mkoa ambao Karema nayo ilikuwa ndani yake hadi Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012. Wa kwetu, basi.

Mkono wake unatoka kwenye Tingatinga, mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi. Lakini mchoro wa kumuuzia mtalii una nafuu yake: chui anasimama, anapendeza, kazi imekwisha. Kitabu hakikubali hivyo. Tembo wa ukurasa wa kwanza lazima awe yuleyule katika ukurasa wa kumi, na kitenge chake kilekile, ila sasa amenuna. Hapo wachoraji wengi wazuri wa picha za ukutani hushindwa. Kilaka aliokolewa na kazi yake nyingine: ni msimulizi, azungukaye vijijini kukusanya ngano za wazee, na msimulizi anajua Panya akikasirika mkia unakaaje.

Kitabu hicho cha samaki kilitoka kwa Kijerumani, Uswisi, mwaka 2001. Kilichofuata, cha urafiki wa Panya na Tembo, kilipata tuzo ya maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, mwaka 2005. Ulaya husifu vitabu hivi kwa kuwaonyesha watoto wao dunia nyingine. Sawa, ila kwa mtoto wa ziwani dunia nyingine ni theluji, na hiyo ameshachorewa vya kutosha. Hapa nchini, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kutoa vitabu vya Kiswahili na kuvifikisha shuleni. Bado njia ya kuja Karema ni ndefu.

Kijana wa huku anayetaka kazi hii asianze na simba. Akae mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi, amchore mchuuzi mmoja akipanga bei, akicheka, akidhulumiwa, mpaka mtoto amtambue hata akiwa amegeuza mgongo.