Neno "Kujitolea" na Wanafunzi Wageni Vijijini

Katika vijiji vya Tanzania na Kenya, mwanafunzi wa ng'ambo aliyekuja kwa muhula mmoja kufanya kazi za kijamii aghalabu hujitambulisha kwa sentensi aliyofunzwa darasani: "Nimekuja kujitolea." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Lakini maana anayoikusudia msemaji siyo anayoipokea msikilizaji, na tofauti hiyo yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa mengi yanayoharibika baadaye huanzia hapo.

Umbo la kitenzi ni jepesi kueleza. Shina ni *toa*, likitiwa kiambishi cha kujirejea hupatikana *jitoa*, ambalo maana yake ya kawaida ni kuondoka katika shughuli au chama, kama vile "amejitoa katika ushirika." Likiongezwa mnyambuliko wa kutendea, maana hugeuka: *jitolea*, yaani kutoa nguvu au wakati wake mtu kwa ajili ya jambo fulani. Mwanagenzi akiisahau silabi hiyo moja huwa ametangaza kwamba amekuja kujiondoa, na wenyeji, kwa adabu yao, hawamcheki mpaka akiisha kwenda zake.

Ama huo mnyambuliko wa kutendea hudai jawabu: kujitolea kwa ajili ya nini? Mwanakijiji anayekwenda *msaragambo*, kama iitwavyo huko Upare kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji au kujenga darasa, hujitolea kwa kitu kitakachokuwa chake pia. Maji ya mfereji yatafika shambani mwake, na darasa litakaliwa na wanawe. Asiyetokea kazini huulizwa sababu, na pengine hutozwa faini. Kujitolea kwa namna hiyo mna deni na haki ndani yake, wala si hisani. Huko Kenya neno *harambee*, lililotiwa nguvu na Jomo Kenyatta tangu mwaka 1963, lilichukua maana iliyo karibu na hiyo, ijapokuwa baadaye lilielemea zaidi upande wa michango ya fedha.

Maana ya pili ni ya siku za karibuni, nayo ina uchungu. Katika Tanzania "mwalimu wa kujitolea" ni kijana aliyehitimu chuo, anayefundisha bila mshahara au kwa posho ndogo huku akingoja ajira. Huyo hatoi wakati kwa kuwa unamzidi. Hutoa kwa kuwa hana njia nyingine ya kuonekana.

Maana ya tatu ndiyo ya mgeni. Ilipata nguvu kwa mipango kama Operation Crossroads Africa, iliyoanzishwa mwaka 1958 na mchungaji James H. Robinson wa New York, na Peace Corps ya mwaka 1961. Mojawapo ya vikosi vya kwanza vya Peace Corps lilipelekwa Tanganyika, likiwa na wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia kwa ajili ya kazi ya barabara. Hao walikuja na ufundi uliohitajiwa. Mipango ya vyuo vikuu ni jambo jingine. Ule wa St. Lawrence University ya Marekani, ulioanza Kenya mwaka 1974, ni wa masomo kwanza: wanafunzi hujifunza Kiswahili na kukaa kwa muda na jamaa za mashambani. Shida huzidi pale muhula unapoitwa huduma ilhali mhudumu bado hajajua kuamkia.

Maana hizi tatu zaweza kukutana katika shule moja. Mgeni wa miezi mitatu, asiye na cheti cha ualimu, hupewa darasa na kupigwa picha. Jirani yake yumo yule mhitimu aliyesomea kazi hiyo, naye hakuna amwitaye. Wote wawili huitwa kwa neno moja. Hali kadhalika katika ujenzi: wageni wakipanga matofali ili wapate kushiriki, fundi wa kijiji hukosa ujira wake, au huitwa baadaye kuunyosha ukuta uliopinda.

Mithali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hutajwa mara nyingi katika jambo hili, na aghalabu hutajwa vibaya. Julius Nyerere aliitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 kukemea uvivu, akiongeza kwamba mgeni mwenyewe huenda alikuwa akiliomba jembe kabla ya kupewa. Yafaa kuangaliwa, hata hivyo, kwamba jembe ni la mwenyeji, na shamba huchaguliwa na yeye. Tena siku mbili za kwanza si za kupoteza, bali ni za kumjua mtu. Mwanafunzi mwenye mpango uliokwisha kuandikwa chuoni huja na jembe lake mkononi siku ya kwanza.

Lugha nayo hutega mitego midogo. "Naomba unisaidie kalamu" humaanisha "nipe kalamu" kwa upole tu. Mgeni asikiapo *saidia* hudhani ameombwa msaada wa maisha, akaandika nyumbani habari za ufukara. Akiulizwa kama ameoa hujibu "Hapana" badala ya "Bado", na mwulizaji humwonea huruma kama mtu aliyejinyima dunia. Aambiwapo "pole" kwa kujikwaa, hutafuta aliyemkosea.

Makosa hayo husahihishwa kwa majuma machache, mradi kuna wa kumsahihisha. Lile la muda halisahihishiki. Muhula uanzao Agosti au Septemba huisha Desemba. Mahindi ya vuli, yaliyopandwa mvua zilipoanza, huwa bado hayajakauka shambani. Aliyeshika jembe wakati wa kupanda hayupo wakati wa kuvuna, na palizi ya mwisho hufanywa na wale wale waliokuwapo kabla hajafika.