Mbwa Anapoharisha Wiki Baada ya Wiki

Mbwa aliyekula takataka akiharisha siku moja, si jambo la kushtua sana. Wengi hupona wenyewe katika siku mbili au tatu. Lakini kuna wakazi wenye taabu ya namna nyingine. Mbwa anaharisha, anapata nafuu juma moja, kisha anaanza tena. Amekonda hadi mbavu zinahesabika ilhali sahani anailamba. Mwenyewe ameshanunua dawa ya minyoo mara mbili kwenye agroveti, akajaribu na tembe zilizobaki mtoto alipougua, na hali ni ile ile. Makala haya yamelengwa kwake.

Kwanza tuitenge dharura. Mtoto wa mbwa ambaye hajakamilisha chanjo, anayetapika, anayekataa chakula na kuhara damu yenye harufu kali, afike kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda ni parvo, na mbwa mchanga anaweza kufa kwa siku chache tu kwa kupungukiwa na maji. Mbwa wa umri wowote pia asicheleweshwe ikiwa fizi zake zimekuwa nyeupe, kinyesi ni cheusi kama lami, tumbo limefura ghafla au hawezi kusimama. Vuta ngozi ya shingoni kwa vidole kisha uiachilie. Ikikawia kurudi mahali pake, maji yamepungua mwilini.

Hapa tuonye jambo moja linaloponza watu. Mbwa anayetokwa na udende, anayeshindwa kumeza au aliyebadilika sauti, watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakamtia mkono kinywani. Usifanye hivyo. Hizo ni miongoni mwa dalili za kichaa cha mbwa. Mfungie mahali asipoweza kumfikia mtu, kisha uiarifu afisi ya mifugo. Aliyeumwa au kupakwa mate kwenye kidonda aoshe pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali mara moja kupata chanjo. Asingojee dalili, kwa maana zikishatokea ugonjwa huo hauna tiba.

Sasa turudi kwa yule anayeharisha wiki ya tatu. Kuhara kukifika muda huo, si swala la kungoja tena wala la kubahatisha dawa. Anza kwa kukitazama kinyesi, ingawa si kazi ya kupendeza. Akienda haja kubwa mara chache lakini kinyesi ni kingi na cha maji, naye anakonda, tatizo mara nyingi liko kwenye utumbo mwembamba. Akienda mara kwa mara, kidogo kidogo, akijikaza, na kinyesi kina kamasi au damu nyekundu, mara nyingi ni utumbo mpana. Tofauti hiyo itamwelekeza daktari kuliko maneno "anaumwa tumbo."

Chakula ndicho cha kuchunguza mapema. Mbwa wengi wa kaunti hii hula ugali wa jana, omena, makombo ya hoteli na matumbo kutoka buchari. Mafuta mengi, viungo, vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa ambayo hupasuka vipande vyenye ncha, yote huleta shida. Maziwa nayo, ambayo watu hupenda kumpa mbwa mgonjwa ili apate nguvu, huwaharisha mbwa wengi wakubwa. Lakini kibaya zaidi ni mahindi yaliyoota ukungu. Familia huyachambua, mazuri yakaenda kwa posho mill na mabovu yakapikiwa mbwa. Sumu ya aflatoksini haiishi kwa kupikwa. Mwaka wa 2004 iliua watu 125 katika eneo la Mashariki, hasa Makueni na Kitui, na mbwa ni mnyama anayedhurika nayo kwa urahisi. Huharibu ini. Mbwa hukosa hamu ya kula, hutapika, na macho na fizi hugeuka manjano. Mahindi ambayo wewe huwezi kuyala, mbwa asipewe.

Kwa mbwa mkubwa ambaye bado ni mchangamfu, mpikie wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa wala ngozi, sehemu mbili za wali kwa moja ya nyama, bila mafuta wala kitunguu. Mpe kidogo kidogo mara nne kwa siku, na maji safi yawepo wakati wote. Kumnyima maji ili "kukausha tumbo" ni kosa. Kinyesi kikishikana, rudisha chakula cha kawaida polepole kwa muda wa siku saba. Wali na kuku si chakula cha miezi, kwa sababu hukosa madini anayoyahitaji.

Kuhusu minyoo, si kila mbwa anayehara anayo, na si kila dawa huua kila mnyoo. Safura hunyonya damu, ndiyo sababu fizi hupauka. Kuna pia vijidudu kama jiardia ambavyo dawa nyingi za kawaida za minyoo haziviui. Kinyesi kikipimwa kwa darubini utajua unachopigana nacho, na utaokoa pesa. Usimdunge mbwa ivermektini ya ng'ombe. Imetengenezewa mnyama mzito, na kosa dogo la kipimo linaweza kumuua. Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa. Hata ile antibiotiki ya kuhara inayouzwa bila cheti hutuliza kwa siku chache tu, na chanzo kikabaki.

Wafugaji wa mbuzi na kondoo wana sababu ya ziada ya kujali. Mbwa akila maini au mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji, hupata tegu mdogo ambaye kwa kawaida hamuugui hata kidogo. Mayai hutoka na kinyesi, hushika manyoya, na mtoto anayemshikashika mbwa huyameza. Ndani ya mtu huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, ambao mara nyingine huhitaji upasuaji. Turkana na nchi ya Wamaasai zimeujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Viungo hivyo vichomwe au vizikwe kwa kina, na mbwa apewe prazikwanteli kwa ratiba ya daktari. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye, na kinyesi kiondolewe uani kila siku.

Unapokwenda kwa daktari, beba kinyesi cha siku hiyo katika chupa safi yenye kifuniko, kadi ya chanjo, na pakiti za dawa zote ulizokwisha kumpa. Andika siku alipoanza, anachokula na kama ametapika. Kipimo kisipoonyesha minyoo, usikate tamaa. Daktari ataangalia ini, figo, kongosho au kama kuna chakula kinachomkataa. Hakikisha anayemtibu amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kuomba kuiona leseni yake. Usipojua pa kuanzia, fika katika afisi ya mifugo ya wadi yako. Katiba imezipa kaunti jukumu la ustawi wa wanyama na leseni za mbwa, kwa hivyo si msaada unaomba. Ukiwa huko, ulizia siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ila yule anayeharisha mjulishe mchanjaji kwanza, kwani huenda akamwahirisha hadi apone.