Usafishaji wa pasi

Usafishaji wa pasi ni kazi ya kuondoa masizi, kutu, nyuzi zilizoyeyuka au chokaa katika pasi ya kunyooshea nguo. Katika pwani ya Mkoa wa Lindi, ikiwemo Kilwa, kazi hiyo inaweza kufanywa kwa vitu vya nyumbani kama chumvi, ndimu, siki na mshumaa. Dawa inayofaa hutegemea aina ya uchafu na aina ya uso wa chini wa pasi. Dawa inayosafisha pasi ya chuma inaweza kuharibu pasi nyingine.

Aina za pasi

Pasi ya mkaa ni sanduku la chuma lenye kifuniko, mpini wa mbao na matundu ya kupitisha hewa. Huwekwa makaa ya moto ndani. Bado hutumika mahali pasipo na umeme au umeme unapokatika.

Pasi ya umeme ilisajiliwa kama uvumbuzi na Henry W. Seeley nchini Marekani mwaka 1882. Uso wake wa chini huwa wa chuma cha pua, wa alumini, au hupakwa tabaka lisilonata kama Teflon. Baadhi hutoa mvuke kupitia matundu madogo.

Chumvi

Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa inayozalisha chumvi ya bahari. Chumvi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 801 za Selsiasi, wakati pasi ya nyumbani hufikia takriban nyuzi 200 tu. Kwa hiyo chembe zake hubaki ngumu na kukwangua uchafu. Chumvi laini hutandazwa juu ya kitambaa kikuukuu cha pamba, kisha pasi ya moto isiyo na maji hupitishwa juu yake mara kadhaa.

Njia hii inafaa kwa pasi ya mkaa na ya chuma cha pua. Haifai kwa tabaka lisilonata, kwa sababu chembe za chumvi hulichubua. Baada ya kazi, pasi iliyopoa hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kukaushwa vizuri, kwa kuwa chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewa ya bahari na kuleta kutu.

Siki na ndimu

Sehemu kubwa ya ardhi ya Kilwa Kisiwani ni mawe ya matumbawe. Magofu yake, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa mawe hayo na chokaa. Maji yanayopita katika mawe ya aina hiyo huyeyusha kalsi kabonati na kuwa maji magumu. Yakichemka ndani ya pasi ya mvuke huacha chokaa nyeupe, ambayo huziba matundu na kuchafua nguo.

Asidi iliyomo katika siki na ndimu huyeyusha chokaa hiyo na kutoa viputo vya dioksidi ya kaboni. Kitambaa kilicholowa siki huwekwa chini ya pasi iliyopoa kwa takriban nusu saa, kisha matundu husafishwa kwa kijiti. Siki haimiminwi ndani ya tangi la maji isipokuwa maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu. Maji ya mvua yaliyochujwa hupunguza tatizo hilo.

Ndimu na siki hazifai kuachwa juu ya pasi ya mkaa, kwani asidi hula chuma.

Mshumaa

Mshumaa husuguliwa kidogo juu ya pasi ya chuma yenye vuguvugu, kisha pasi hufutwa kwa kitambaa kikavu. Nta huiwezesha pasi kuteleza na huzuia kutu wakati wa kuhifadhi. Kabla ya kupiga nguo, hasa kanzu au shati jeupe la shule, pasi hujaribiwa kwanza juu ya kitambaa kisichohitajika.

Tahadhari

Pasi ya umeme huchomolewa kabla ya kufutwa kwa kitu chochote chenye unyevu, na haitumbukizwi majini. Pasi ya mkaa haitumiki katika chumba kilichofungwa: makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Majivu yake humwagwa baada ya kupoa kabisa.