Tshibangu au Cibangu? Kutafuta jina katika logi za seva

Mwaka jana, mitihani ya kipindi cha kwanza ilipokaribia, nilikuwa nasaidia kila alasiri katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja ambacho sitakitaja. Ijumaa moja aliingia mwanafunzi mwenye bordero ya benki mkononi. Alikuwa amelipa minervali na muhuri ulionekana wazi, lakini jina lake halikuwa katika orodha ya waliolipa, na mtihani wake wa kwanza ulikuwa Jumatatu. Nitamwita Tshibangu, ingawa si jina lake. Mtumishi wa zamu aliandika jina hilo katika programu ya malipo, akapata sufuri. Akarudia, sufuri. Akamrudishia karatasi yake: "Kijana, bordero hii ni ya uongo."

Haikuwa ya uongo. Ushahidi ulikuwa ndani ya seva tangu siku tatu, na kilichotuzuia kuuona ni jambo ambalo sisi wa isimu tunalisoma mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu naandika juu ya vyombo vya wahandisi katika jarida la kitivo cha lugha.

Programu kubwa zinazoendesha shughuli za taasisi, kama malipo, uandikishaji au mishahara, hukaa katika kompyuta inayoitwa seva. Kila jambo linapotokea humo, seva huandika mstari: tarehe na saa, uzito wa jambo (habari tu, onyo au kosa), sehemu ya programu iliyohusika, kisha ujumbe. Maandishi hayo huitwa logi. Asili yake ni baharini: mabaharia wa Kiingereza walitupa gogo lililofungwa kamba ili wapime mwendo wa meli, wakaandika kipimo katika daftari, na daftari likarithi jina la gogo. Kiswahili cha pwani kina neno batli kwa daftari la namna hiyo. Ningependa kulitumia, lakini katika chumba cha kompyuta hakuna ambaye angenielewa, basi nitasema logi.

Logi ya siku moja inaweza kuwa na mistari mamia ya maelfu. Ukiifungua kwa programu ya kuandikia barua, kompyuta itaganda. Wahandisi hutumia less, inayosoma kipande kinachoonekana tu bila kubeba faili zima, na tail -f, inayoonyesha mistari ya mwisho na kila mstari mpya unapoingia, kama mtu anayesimama mlangoni akihesabu wageni. Seva zikiwa kadhaa, lnav huchanganya logi zao na kuzipanga kwa saa, ili uone lililotangulia na lililofuata. Hivyo ni vyombo vya kutazama. Kwa kutafuta, chombo cha kwanza kabisa bado ni grep.

Historia ya grep inatuhusu moja kwa moja. Katika maabara za Bell huko Marekani, Lee McMahon alitaka kuchunguza makala 85 zilizochapishwa mwaka 1787 na 1788 kutetea katiba mpya ya nchi hiyo. Zilitoka kwa jina la bandia moja, Publius, lakini walioandika walikuwa watatu: Hamilton, Madison na Jay. Kwa baadhi ya makala, watu walibishana nani hasa ndiye mwandishi. McMahon alitaka kulinganisha maneno yao, lakini matini yalikuwa marefu kuliko uwezo wa ed, programu ya kuhariri iliyotumika wakati huo. Mwenzake Ken Thompson akachomoa ndani ya ed ile sehemu ya kutafuta, akaifanya programu ya kujitegemea. Jina lake ni amri ya ed yenyewe, g/re/p: pita kila mahali, tafuta umbo hili, chapisha mstari. Iliingia katika Unix mwaka 1973. Kwa hiyo chombo ambacho kila mhandisi wa seva hukitumia leo kilitokana na swali la mtindo wa mwandishi. Wanaoniuliza mtu wa lugha za Kiafrika anatafuta nini kwenye seva huwa nawajibu hivyo.

Turudi kwa Tshibangu. Nilipofungua logi, mimi pia nilipata sufuri. Sababu zilikuwa tatu, na ilibidi kuziondoa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa faili. Logi hukatwa mara kwa mara, mara nyingi kila siku, na zile za siku zilizopita hubanwa ili zisile nafasi. Ndani ya faili lililobanwa grep haioni maneno. Unahitaji zgrep, inayolifungua kwanza.

Ya pili ilikuwa saa. Bordero ilisema 11:12, nami nilikuwa natazama mistari ya 11:12. Seva ile huandika saa ya UTC, na Lubumbashi iko saa mbili mbele yake (Kinshasa ni saa moja). Malipo yale yalipaswa kutafutwa kwenye 09:12. Herufi Z mwishoni mwa saa ndiyo inayokuonya, nami sikuitazama.

Ya tatu ndiyo yetu. Jina la chuoni liliandikwa kwa tahajia ya kikoloni, Tshibangu. Kadi ya mpiga kura, ambayo benki iliifuata, ilikuwa na Cibangu, kama tahajia ya Ciluba inavyotaka. Sauti ni ileile, na mama yake angeitikia yote mawili. Kwa mashine, T na C hazina undugu wowote. Grep hutafuta umbo la maandishi tu. Haijui fonimu, sembuse mtu.

Dawa yake ni usemi wa kawaida, yaani mtindo mmoja unaoeleza maumbo mengi kwa pamoja. Nadharia yake ilitoka kwa mwanahisabati Stephen Kleene katika miaka ya 1950. Niliandika:

zgrep -iE '(tsh|ch|c)ibangu'

Mabano na mistari ya wima vinasema "hiki, au hiki, au hiki". -E inaruhusu alama hizo, na -i inasahau tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Mstari ukatoka (natafsiri kutoka Kifaransa):

09:12:07Z ONYO malipo jina=CIBANGU hali=inasubiri sababu=jina halilingani

Pesa zilikuwa zimefika. Programu ilikosa mtu wa kumpa, ikaziweka kando na kunyamaza. Jumatatu kijana alifanya mtihani. Kuombwa radhi kwa lile neno "uongo", sikusikia.

Taasisi zenye seva nyingi haziwezi kusoma kila mstari upya kila mara, kama grep inavyofanya. Hutumia faharasa. Elasticsearch, iliyotolewa mwaka 2010 na Shay Banon, imejengwa juu ya Lucene ya Doug Cutting ya mwaka 1999: hukata matini kuwa maneno, na kwa kila neno huandika mahali lilipo. Wazo ni la kale. Katika karne ya 13 Wadominiko wa Paris, chini ya Hugues de Saint-Cher, walitengeneza faharasa ya namna hiyo ya Biblia ya Kilatini. Splunk nayo hufanya kazi ya jinsi hii. Loki huweka katika faharasa lebo tu, si maneno ya ujumbe, ili kupunguza gharama.

Faharasa ni ya haraka sana, lakini inaleta shida ambayo msemaji wa lugha ya Kibantu ataiona mara moja. Wanafunzi walituma malalamiko kwa Kiswahili, nayo yaliingia katika logi: nimelipa, hajalipwa, tulilipia. Faharasa imepangwa kwa herufi ya mwanzo kama kamusi. Ukitafuta lip*, utapata lipa na lipia. Nimelipa iko kwenye N na tulilipia kwenye T. Kuweka nyota mbele, *lip*, kunailazimisha kupekua orodha nzima, na hapo haraka yake inapotea. Kanuni za kukata viambishi, kama ile ya Martin Porter ya mwaka 1980 kwa Kiingereza, hukata mwisho wa neno, wakati vitenzi vyetu hubeba mzigo mkubwa mbele. Hata ukikubali kusubiri, *lip* itakuletea pia nilipofika na walipo, ambamo hakuna malipo yoyote bali -li- na -po-. Kompyuta haikukosea, ni sisi tuliotafuta herufi tukidhani tunatafuta mzizi.

Tangu siku ile nina daftari la mitindo ya majina: m[uw]amba kwa Muamba na Mwamba, ngoyi? kwa Ngoy na Ngoyi (alama ya kuuliza hufanya i iwepo au isiwepo), k[iy]ungu kwa Kiungu na Kyungu. Yote ni majina ya upande wetu wa Katanga na Kasai. Ya Kivu, Ituri na Maniema bado sina. Mwenye jozi za huko aniletee, nipo maktaba kila Jumatano asubuhi.